Unyapara Maofisini: Ukali wa Kazi Unaishia Wapi?



Lipo neno moja ambalo wazee wa kanda hii ya kati ya nchi wanalifahamu vizuri kuliko wataalamu wengi wa utawala. Neno lenyewe ni nyapara. Kwa asili, katika Kinyamwezi, mnyampara alikuwa mzee, mtu wa heshima. Enzi za misafara iliyokuwa ikipita Ugogo na Kilimatinde kwenda Tabora na Ujiji, mnyampara ndiye aliyewaongoza wapagazi wa kwao. Alikuwa mkubwa kwa sababu alibeba dhamana ya watu, na mpagazi aliyeonewa njiani alimkimbilia yeye kwanza.

Ukoloni ulipoingia ulilitwaa neno hilo na kulipa kazi nyingine. Katika mashamba, katika barabara na katika migodi, nyapara akawa msimamizi wa bwana mkubwa, na jina lake likaambatana na kiboko. Wakati wa Wajerumani adhabu ya viboko ishirini na vitano ilikuwa ya kawaida mno hata ikapewa jina lake, hamsa ishirini. Mkoa wa Singida unayo kumbukumbu yake ya zama hizo: mgodi wa Sekenke, katika Iramba, ulianza kuchimbwa mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kufua sarafu za dhahabu za Tabora, ambazo hadi leo watoza sarafu wa Ulaya huzinunua kwa bei kubwa. Majina ya waliozichimbia dhahabu hiyo hayauzwi popote. Waingereza nao walipokuja waliweka mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi, ambayo kwayo Mwafrika aliyeiacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha alihesabiwa kuwa mhalifu.

Hiyo ndiyo njia ambayo neno la heshima liligeuka kuwa tusi. Na si ajabu kwamba hadi leo mtumishi akitaka kumweleza mkuu wake wa kazi kwa neno moja, bila kutafuta kamusi, husema: yule ni nyapara.

Lakini neno hilo linatumika kwa wepesi mno. Mkuu wa idara anayetaka taarifa ziletwe kwa wakati huitwa nyapara. Mwalimu mkuu anayekagua maandalio ya somo kila Jumatatu huitwa nyapara. Na yule anayemtukana karani mbele ya wananchi waliokuja kutafuta huduma, naye huitwa nyapara hilo hilo. Watu watatu wenye matendo matatu yasiyofanana wamepewa jina moja, na matokeo yake ni kwamba mwonevu wa kweli hupata mahali pa kujificha. Akilalamikiwa husema tu kwamba watu hawapendi kazi.

Kwa hiyo yafaa kuanza na tukio ambalo nchi nzima ililiona na hakuna aliyesita kulipa jina. Mwezi Februari 2009, katika Wilaya ya Bukoba, walimu 19 wa shule za msingi walichapwa viboko na askari polisi kwa amri ya Mkuu wa Wilaya. Sababu zilizotolewa zilikuwa uchelewaji, uzembe na matokeo mabaya ya mitihani. Chama cha Walimu kilipaza sauti, magazeti yakaandika, habari ikavuka mipaka ya nchi, na katika siku chache Rais Kikwete akamwondoa Mkuu wa Wilaya huyo katika madaraka yake.

Ndugu walimu, tukio hilo lina mafundisho mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza. La kwanza ni kwamba lengo zuri halikuwa kinga. Hakuna Mtanzania asiyetaka watoto wafaulu. Huenda hata baadhi ya walimu hao walikuwa wamechelewa kweli. Lakini mwalimu aliyechelewa ana taratibu zake za kinidhamu, zilizoandikwa, na katika taratibu hizo hakuna fimbo wala fedheha. Lengo zuri lilitumika kama shuka ya kufunikia tendo baya, na shuka ilikuwa fupi.

Fundisho la pili ni kwamba Bukoba ilikuwa rahisi. Fimbo inaonekana. Inaacha alama, ina idadi, ina mashahidi. Kama Mkuu wa Wilaya yule angewaita walimu wale mmoja mmoja kwa mwaka mzima na kuwaambia kwamba hawana akili, kwamba shahada zao ni za kununua, kwamba atahakikisha wanahamishiwa mwisho wa dunia, pasingekuwa na gazeti la kuandika. Na bado mwisho wa mwaka walimu wale wangekuwa wamevunjika, pengine zaidi ya waliochapwa.

Na uchukuliwe mfano, wa kubuni, wa mwalimu kijana wa kike aliyepangiwa shule ya msingi katika kijiji cha mbali na barabara kuu, katika Wilaya ya Mkalama au upande wa Itigi. Anafika na begi moja na barua ya ajira. Mwalimu mkuu anamkaribisha kwa kusema kwamba wasomi wamekuja kuwafundisha wazee kazi. Hilo ni neno tu, na mtu mzima hulimeza. Kisha anapewa vipindi vingi kuliko wenzake. Inaelezwa kwamba ndivyo wageni wanavyozoeshwa. Siku moja anasahihishwa mstarini, mbele ya wanafunzi wote, kwa kosa ambalo lingeweza kusemwa ofisini kwa dakika mbili. Wanafunzi wanacheka, na tangu siku hiyo darasa la saba halimtii tena. Ruhusa ya kwenda hospitali mjini Singida inakaa mezani siku nne, wakati ya mwenzake husainiwa papo hapo. Vikao vya walimu vinafanyika yeye akiwa darasani. Jina lake halipelekwi kwenye usimamizi wa mitihani, wala kwenye semina. Akiuliza anaambiwa kwamba ana mdomo. Siku ya mwisho ya muhula anakumbushwa kwamba nyumba anayolala ni ya shule.

Kila tukio likitazamwa peke yake ni dogo kama punje ya uwele. Afisa yeyote akiletewa moja tu atasema, rudini mkaelewane. Lakini punje hizo zimemwagwa katika kibaba kimoja, na kibaba kimejaa. Huu ndio uonevu kazini kama unavyotokea mara nyingi: mwendo wa kurudiarudia, unaofanywa na mwenye nguvu juu ya asiye na nguvu, wa kumdhalilisha, kumtenga, kumlemea kwa kazi au kumnyang'anya kazi, hadi ajione si kitu. Upo pia uonevu ambao hauhitaji kurudiwa. Kofi ni kofi hata likipigwa mara moja, na mkono uliopelekwa mahali usipotakiwa haungoji mara ya pili ndipo uitwe kosa. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 190 wa mwaka 2019, limekubali jambo hilo hilo: ukatili na unyanyasaji kazini ni tendo lisilokubalika, liwe la mara moja au la kujirudia, lenye kulenga au kuleta madhara ya mwili, ya akili, ya kijinsia au ya kiuchumi. Mkataba huo haukomei ndani ya kuta za ofisi; unahesabu pia safari za kikazi, mafunzo, makazi yaliyotolewa na mwajiri na ujumbe unaotumwa kwa simu. Mwalimu anayekaa nyumba ya shule na kupokea matusi usiku katika kundi la simu la walimu anaweza kuona mara moja kwa nini mambo hayo yalitajwa.

Sasa upande wa pili, maana haki ni mizani na mizani ina vikombe viwili. Mwalimu mkuu anayedai azimio la kazi na andalio la somo haonei mtu. Anayepiga mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio saa ya kazi ikifika haonei mtu. Anayeandika barua ya kutaka maelezo, akataja tarehe na kosa, akatoa siku za kujibu, huyo hata akiwa na uso mkavu kama mbuga ya Manyoni mwezi wa Oktoba, anafanya kazi aliyopewa na umma. Wazazi wa Ikungi na Kinyangiri wanaouza alizeti na vitunguu ili mtoto apate sare na daftari wana haki ya kuona mwalimu yuko darasani. Ukali wa kazi unaelekea kwenye kazi. Unasema hili halikufanyika, lifanyike hivi, kabla ya siku fulani. Uonevu unaelekea kwenye mtu. Unasema wewe ni mjinga, watu wa kwenu ndivyo mlivyo. Ukali hutazama kosa lile lile kwa jicho lile lile, awe mtenda ni rafiki au mgeni. Na ukali huacha mlango wa kujibu wazi. Pale ambapo kujieleza kunahesabiwa kuwa kosa jipya, hapo ukali umekwisha muda wake.

Kisingizio kinachotumika zaidi katika mkoa huu ni utani. Hakika Singida ni mkoa wa utani: Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wataturu, Wasukuma na wengine wengi wamechanganyika hapa, na utani wa makabila ni hazina ambayo si mataifa mengi yanayo. Umezima magomvi mengi, na misibani umewachekesha watu ambao wangekuwa wanalia. Lakini utani una sheria yake, na wazee huijua: mtani hujibu. Ukimwita mtani wako mwizi wa kuku, naye atakuita mla panya, na wote mtacheka. Je, mhudumu wa ofisi aliyeitwa jina la ovyo na mkurugenzi wake anaweza kumrudishia? Akimrudishia, kesho atakuwa na kazi? Kama jibu ni hapana, basi hapakuwa na utani. Palikuwa na mtu mmoja aliyesema na mwingine aliyevumilia. Hali kadhalika maneno juu ya maungo ya mwanamke, juu ya mimba yake, juu ya ulemavu wa mtu au ualbino wake. Kicheko cha waliokuwapo si ushahidi kwamba aliyesemwa alifurahi. Mara nyingi yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuogopa.

Nidhamu ya woga hiyo ilikwisha kukemewa zamani. Mwezi Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wake, na katika ibara ya 15 ikapiga marufuku viongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji, ikataka pajengwe usawa baina ya viongozi na wanaoongozwa. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliisoma ibara hiyo kwa bidii kuliko walioiandika walivyotazamia. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi ambayo chanzo chake hakikuwa mshahara, bali meneja aliyetukana au afisa aliyewafanya watu kama watoto. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walimfungia mwenye kiwanda nje na kuendesha uzalishaji wenyewe. Si migomo yote iliyoishia vizuri. Wapo waliofukuzwa kazi kwa kudai heshima waliyoahidiwa. Jambo hilo lazima lisemwe bila kumung'unya maneno, kwa sababu linaonyesha upungufu wa zama hizo. Kauli ilikuwa kubwa na ya kweli, lakini mfanyakazi aliyedharauliwa hakuonyeshwa mlango wa kubisha.

Leo milango ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na kuukataza unapofanywa kwa sababu ya kabila au mahali mtu alikotoka, rangi, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, mimba, ndoa, ulemavu, umri, maambukizi ya virusi vya UKIMWI na sababu nyingine zilizotajwa humo. Msomaji mwangalifu ataona pengo. Mkuu wa kazi anayewatukana watu wote sawasawa, bila kubagua kabila wala dini, anaweza kudai kwamba hajambagua yeyote. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akalazimika kuacha, kuacha huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Mwalimu wa shule binafsi aliyefikwa na hayo hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikawie, kwani madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yana siku 30 tu. Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya mwaka 2016, anatakiwa kwanza kumaliza njia za malalamiko zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma. Walimu wa serikali wana chombo chao, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwalimu mkuu mwonevu naye ni mwalimu, na nidhamu yake iko chini ya chombo hicho hicho. Walimu wengi husahau jambo hili, kana kwamba Tume iliundwa kwa ajili ya wadogo peke yao.

Kuhusu kudai mwili wa mtu hakuna haja ya maneno mengi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza unyanyasaji wa kijinsia katika makosa ya jinai, na ikamtaja waziwazi mwenye mamlaka anayefanya ushawishi usiotakiwa mahali pa kazi, kwa maneno au kwa vitendo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ikasema kwamba mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki ametenda kosa la rushwa. Na Kanuni za Maadili ya Utumishi wa Umma za mwaka 2005 zinakataza hata ishara, minong'ono na mizaha ya aina hiyo. Aliyetakiwa mwili ili jina lake liingie katika orodha ya kupandishwa daraja ana TAKUKURU, na ana Dawati la Jinsia la polisi. Kumwambia aende akapatane na mkuu wake ni kumrudisha kondoo kwa fisi akaombe radhi.

Ubabe hautoki juu peke yake. Ziko shule ambako mwalimu mkuu mpya, hasa akiwa mwanamke na kijana, hususwa na walimu wakongwe: vikao vinapoa, taarifa zinafichwa, wazazi wanajazwa maneno. Huo nao ni uonevu, kwa sababu nguvu haiko katika cheo tu. Iko pia katika wingi na katika ukongwe. Tena kuna tabia iliyoota mizizi katika mikutano ya hadhara. Kiongozi anamsimamisha mwalimu, mganga wa zahanati au mtendaji wa kijiji mbele ya umati, anamuuliza maswali kama mtoto, anamkata kauli, na umati unapiga makofi. Wananchi wana haki kamili ya kupata majibu juu ya dawa zilizokosekana au madawati yasiyotengenezwa. Lakini mtumishi aliyevuliwa utu jukwaani kesho yake atatoa huduma kwa watu wale wale waliomshangilia mwenye kumvua. Makofi hayo yanagharimu, na anayelipa ni mgonjwa wa zahanati.

Linabaki suala la ushahidi, ambalo ndilo linalowashinda wengi. Aliyeonewa hufika mbele ya afisa na uchungu mwingi na tarehe chache. Anasema, ananinyanyasa siku zote. Afisa anauliza, lini? Anasema, tangu nilipofika. Shauri linakufa hapo. Daftari la shilingi mia chache linatosha: siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa bila kupambwa, na nani alikuwapo. Nakala ya barua ya ruhusa na siku iliyosainiwa. Ujumbe wa simu usifutwe kwa hasira. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litasema lenyewe kama ni punje moja au ni kibaba. Na wakati mwingine, hili nalo litajwe, litamwonyesha mwenye daftari kwamba alichokiita uonevu kilikuwa ni kuchelewa kwake mara tisa.

Shahidi naye ana shida yake. Walimu wanne wa shule moja wanajua kila kitu, wanamfariji mwenzao jioni kwa chai, na siku ya kuitwa kila mmoja anasema hakusikia vizuri. Hawa si watu wabaya. Wana watoto shuleni, wana mikopo, na uhamisho unaogopesha. Ndiyo maana shauri lililopelekwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi lina uzito kuliko lile la mtu mmoja, kwa kuwa yeye huongea kwa nafasi aliyochaguliwa, wala si kwa kujipendekeza au kwa chuki.

Yule mwalimu kijana wa mfano, akiamua kwenda kwenye ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, atahitaji siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Siku hiyo ni siku ya kazi. Ruhusa ya kuondoka kituoni huombwa kwa mwalimu mkuu, yule yule, naye atataka kujua safari ni ya nini. Wengi hukwama mahali hapa, barua ikiwa tayari mfukoni. Afahamu basi kwamba barua haihitaji ruhusa. Inaweza kupelekwa na mwakilishi wa chama cha walimu, inaweza kutumwa kwa posta, na nakala moja ibaki kwake ikiwa na tarehe.